Bosi Hajalala

Kwenye ile studio ya picha, aliyevuta wateja ni sungura. Walimwita Bosi. Alikuwa mweupe pe, na kila mtoto aliyeletwa kupigwa picha alipakatishwa yeye. Hapo mpiga picha alionyesha ufundi wake: anampindua sungura chali, anampapasa tumbo kidogo, na Bosi anakakamaa miguu juu. "Kalala!" anatangaza, na wazazi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Picha inatoka safi, maana sungura hasogei hata kidogo.

Pilipili alikuwa mpwa wa mpiga picha, binti wa dada yake. Kazi yake ilikuwa kuwapaka watoto poda, kuwachana nywele na kumtunza Bosi. Jina hilo alipachikwa na mjomba mwenyewe, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekuja kulijutia.

Kwa muda mrefu naye aliamini kwamba Bosi hulala. Ila mchana mmoja, mlango umefungwa na wateja hakuna, alimwona sungura akijibwaga ubavu sakafuni, miguu kainyoosha nyuma, macho kayafumba nusu, pua ikicheza taratibu. Kumbe kulala kwenyewe ni huku! Tangu siku hiyo akaanza kuukodolea macho ule usingizi wa kwenye picha. Akaona macho yaliyotoka hadi weupe ukaonekana pembeni, masikio yamegandamana na mgongo, pua imesimama, na chini ya manyoya moyo unakwenda mbio. Mnyama alikuwa ameganda kwa woga, anasubiri kuliwa, na watu wazima wanamchekea. Pilipili aliona aibu, kisha akapandwa na hasira, na hasira haikutoka.

Alimweleza mjomba. Mjomba akamuuliza kama sungura amemtuma alete malalamiko.

Jumamosi moja Bosi alikuwa hajagusa majani tangu jana yake, na kwenye banda hapakuwa na kinyesi. Pilipili akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari hakumung'unya maneno: sungura asipokula, tumbo huacha kufanya kazi, naye hufa upesi; apewe majani na utulivu, asishikwe-shikwe, na jioni atapita kumwona.

"Mjomba, Bosi ni mgonjwa. Leo hafanyi kazi."

"Wateja wamekaa hapo, wamevaa wamependeza, nikawaambie sungura yuko likizo?"

Akamtoa Bosi bandani, akampindua, akamlaza mapajani mwa mtoto. "Kalala!" Kicheko kikaanza. Pilipili akaweka poda chini, akapita mbele ya kamera, akamgeuza sungura akae vizuri na kumkumbatia kifuani.

"Hajalala. Anaogopa, anakaribia kufa," alisema, na kicheko kikakatika. "Mtoto apigwe picha na mwanasesere."

"Mrudishe hapo!" mjomba alifoka. "Ukitoka naye, kazi huna."

"Nimesikia, mjomba. Mimi si kiziwi."

Akatoka mlango wa mbele, katikati ya wateja, kichwa juu.

Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma. Alimwachia Bosi chini ya kitanda, akamwekea maji na majani, akakaa mbali bila kumgusa. Baada ya kimya kirefu akasikia kutafuna. Jani moja tu, lakini machozi yalimtoka.

Mara mlango ukagongwa kwa ngumi. "Fungua! Nimekuja kuchukua mali yangu!"

Alifungua, akasimama katikati ya mlango. Mjomba alikuwa anatweta.

"Kajani kamoja ndio kwanza kameingia tumboni," Pilipili alisema. "Humtoi."

"Nilikulea mimi, leo unanizibia mlango?"

"Ulinilea, mjomba, na ninashukuru. Na humtoi."

Mjomba akapandisha sauti. Hapo chini ya kitanda pakasikika kishindo. Tu! Kimya. Tu! Sakafu ikatikisika kidogo.

"Nini hicho?"

"Bosi. Amesikia sauti yako. Sungura akiona hatari hupiga mguu chini, kuwaonya wenzake."

Mjomba akachungulia juu ya bega lake. "Wenzake gani? Humo ndani si yuko peke yake?"

"Niko mimi," alisema Pilipili, na hakusogea.