Mtani na Toroli la Vitumbua

Kwii. Kimya kidogo. Kisha kwii tena, ndefu zaidi, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika.

Theopista aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya wanawake wa msibani, mguu wa shangazi yake umemlalia tumboni, na kwa muda alidhani anaota. Halafu akili ikamrudia. Ile ilikuwa sauti ya gurudumu la kushoto la toroli lake. Aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Aliiruka miguu ya watu, akakanyaga kanga ya mtu, akafungua mlango. Alfajiri ilikuwa imeanza kupauka juu ya mabati ya Nsemulwa, mtaa wao pale Mpanda. Chini ya upenu, mahali toroli liliposimama siku zote likiwa limefunikwa turubai, palikuwa na turubai peke yake, limekunjwa vizuri. Alama za magurudumu zilipita kando ya moto wa msiba, zikatoka nje ya uwanja, zikashika njia ya Makanyagio.

Kilichomuumiza ni lile turubai. Mwizi hakunji turubai, hana muda huo. Aliyelikunja ni mtu mwenye haki ya kuchukua, au anayejiona ana haki, na Theopista alimjua mmoja tu wa namna hiyo: Mama Marselina, mwenyekiti wa kikundi cha Tusichoke.

Kwa miaka mingi Theopista aliuza vitumbua kwa ndoo. Alikaanga nyumbani, akajitwisha, akatembea hadi kona ya Makanyagio walipo waendesha bodaboda, na akifika vimeshapoa. Kitumbua kilichopoa ni jiwe lenye sukari. Wateja walinunua kwa huruma, na biashara ya huruma haikui. Ndipo wenzake wa Tusichoke wakamkopesha. Ulikuwa mkopo mdogo ambao mwenye duka kubwa angeucheka, lakini ulitosha toroli lenye kabati la kioo, jiko la gesi na kikaango kipana. Tangu siku hiyo vitumbua vyake vilitoka kwenye mafuta mbele ya macho ya mteja. Mchele ulikuwa wa Mpimbwe, kwa kina baba yake, na harufu yake ilivuka barabara bila kuomba njia. Akaongeza chai ya maziwa. Akaongeza benchi. Binti yake Dorice akaacha kurudishwa nyumbani kufuata michango ya shule.

Na asije mtu akasema ni tajiri fulani aliyemshika mkono. Walikuwa wanawake wanaouza dagaa, mchicha na mitumba, waliokaa chini kila Jumatano wakatoa walichokuwa nacho. Hakuna aliyewafundisha kupendana. Walijifunza wenyewe, kwa kukosa.

Lakini masharti yao yalikuwa makali. Kitu ulichokopea ndicho dhamana. Ukikosa Jumatano mbili mfululizo bila taarifa, wenzako wanakuja kukichukua. Walishachukua cherehani ya mwenzao mmoja mchana kweupe, na Theopista mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioibeba, akiwa ameshika meza kwa nyuma huku mwenye nayo akilia mlangoni.

Sasa yeye amekosa mbili. Ya kwanza, baba yake, Mzee Ubaldo, alikuwa amelazwa, naye hakubanduka pembeni ya kitanda. Ya pili ndiyo jana, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Taarifa hakutuma. Mwanzoni alisahau. Baadaye akaona aibu. Mwisho kikamjia kiburi: Mpanda nzima imesikia msiba, wanataka taarifa gani nyingine?

Alikuwa anajifunga kanga ya pili kiunoni shangazi yake Eufrazia alipotokea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Makanyagio. Wamechukua toroli."

"Majivu bado yapo, Theo."

Katika ukoo wao ndivyo ilivyo. Moto wa msiba huwaka uwanjani mpaka watani waje kuyazoa majivu yake. Kabla ya hapo mtoto wa marehemu hatoki nyumbani na hashiki kazi.

"Majivu nitayakuta, shangazi. Toroli sitalikuta."

"Baba yako hata hajalizoea kaburi, wewe unawaza vitumbua."

"Dawa zake zilitoka kwenye vitumbua hivyo hivyo."

 Eufrazia alisogea pembeni.

Theopista alitembea haraka, hajaoga, vumbi la matanga likiwa bado miguuni. Barabarani alama za toroli zilipotea kati ya alama za pikipiki, lakini hakuzihitaji tena. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alijiona amejitwisha ndoo tena, shingo imezama mabegani. Alimwona Dorice akirudishwa kutoka shule. Alijiona akipita pale konani, na mwanamke mwingine amesimama nyuma ya kioo chake.

Mama Marselina alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anachambua dagaa kwenye ungo. Aliinua kichwa.

"Mama Dorice? Wewe si bado..."

"Mngesubiri," Theopista alisema. "Mngesubiri hata majivu yapoe. Mimi nimekosa, sawa, nimekosa mara mbili, kanuni naijua, nimeibeba cherehani ya mwenzangu kwa mikono hii. Lakini kuja alfajiri, watu wamelala, kama fisi? Baba yangu amewapa nini nyie, kama si heshima? Kila Jumatano ukipita alikuwa anakuita mkwe. Mkwe gani anaiba msibani?"

Aliyasema mengine pia, ambayo hayafai kuandikwa. Jirani alitoka na mswaki mdomoni, akasimama kusikiliza. Mama Marselina alitoa kijiti kwenye dagaa, akakitupa, akaendelea kuchambua.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza kabisa, nisije nikaanza ukanikatiza."

Theopista alijifunga upya kanga kiunoni.

"Jana tulikuja wote," Mama Marselina alisema. "Tusichoke nzima, na unga, na kuni. Ulikuwa umelala, umechoka kama mtu aliyepigwa, na shangazi yako akasema usiamshwe. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Tumekaa, tumeimba, tumeosha masufuria yenu. Jumatano yako imelipwa na mfuko wa jamii. Ule mfuko unaouchangia kila wiki huku unanung'unika."

"Na Jumatano ile nyingine?"

"Ulikuwa hospitalini na mzazi. Nayo imelipwa."

"Kanuni inasema bila taarifa..."

"Kanuni niliitunga mimi, usinisomee. Kilio ni taarifa, Mama Dorice. Tena haihitaji vocha."

  Theopista alikaa chini, kwenye vumbi, pembeni ya ungo. Alitaka kuomba radhi kwa lile neno la fisi, lakini wazo jingine likamwahi.

"Sasa kama si nyie, ni nani?"

Mama Marselina aliacha kuchambua. Aliusukuma ungo pembeni. Hofu ikamrudia Theopista ikiwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana kikundi unaweza kukibembeleza, lakini mwizi utambembelezea wapi?

Pikipiki ilipunguza mwendo, ikasimama. Alikuwa Maiko, dereva wa bodaboda wa pale konani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kitumbua kilichong'atwa mara moja tu.

"Mama Dorice, pole sana na msiba," alisema. "Nimekuona nikasema nisimame. Samahani, najua si wakati wake. Lakini yule mzee uliyemwajiri atatuua."

"Mzee gani?"

"Yule wa koti. Ona." Alikinyoosha kile kitumbua. Nje kilikuwa cheusi, ndani uji ulikuwa unatoka. "Tena hutaki kula, anakufokea. Anasema yeye marehemu."

Mama Marselina alikitazama kitumbua. Halafu akamtazama Theopista, na kona ya mdomo wake ikaanza kucheza.

"Mama Dorice," alisema taratibu, "watani zenu ni kina nani?"

Walisikia vicheko kabla hawajafika konani. Watu walikuwa wamezunguka toroli, waendesha bodaboda, wauza nyanya, hata wanafunzi waliopaswa kuwa wameshafika shuleni. Katikati, nyuma ya kabati la kioo, alisimama Telesphor, seremala wa Nsemulwa. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Ubaldo wametaniana tangu mababu. Upande mmoja ukifiwa, wa upande wa pili ndio wanaochimba kaburi, na wakishachimba hulala ndani yake wakigoma kutoka mpaka wafiwa wacheke. Jeneza alilitengeneza yeye. Sasa alikuwa amevaa koti kuukuu la Mzee Ubaldo lililomfika magotini na kofia yake ya pama, amejikunja mgongo kama yeye, anakohoa kama yeye, na anageuza vitumbua kwa patasi. Alikuwa anaimba kwa sauti ya marehemu:

"Mimi mzee nausia, toroli lisije lala,
Mwenye kulia alie, mwenye njaa aje kula."

Theopista alisimama. Aliliona koti la baba yake likisogea, bega la kushoto limeinama vile vile, na kabla hajajua acheke au alie, vyote viwili vilitoka pamoja. Alicheka machozi yakimtiririka mpaka Mama Marselina akamshika kiuno asianguke. Tangu hospitalini hakuwa amecheka. Alikuwa amesahau kuwa kicheko kinauma mbavu.

Telesphor alimwona. Akanyoosha patasi.

"Nyie, mshikeni huyo! Mfiwa ametoka nje majivu hayajazolewa. Faini! Kuku mmoja, jike, anayetaga."

"Wewe ni mwizi," Theopista alisema. "Nimeamka toroli halipo. Nimekwenda kumtukana mwenyekiti wangu kwa ajili yako."

"Mtani haibi, anatwaa. Na turubai nimekukunjia. Mwizi gani anakukunjia turubai?"

"Ungeniambia, mtani. Roho nusura initoke."

"Ningekwambia ungekataa. Ungesema oh, mila, oh, mfiwa hashiki kazi." Alivua kofia, na sauti yake ikarudi kuwa yake mwenyewe. "Sikiliza. Wewe hushiki kazi, kweli. Lakini mimi nani amenikataza? Jana nimewasikia hawa mama zako wa Tusichoke wakiongea habari ya mfuko wao. Nikasema mfuko utoke, na mtani yupo mzima? Tutazikwa na nani tukifanya hivyo? Nikaenda kwa mke wangu, nikamwambia saga mchele."

"Kumbe ni mke wako aliyeusaga."

"Mchele hauna kosa. Kosa ni la mikono hii ya seremala." Alimwaga juu ya benchi noti na sarafu zilizojaa mifukoni mwa koti, akazikusanya, akamkabidhi Mama Marselina. "Ule mfuko wenu urudishiwe."

Mama Marselina aliupima mzigo ule kwa kiganja, uso mkavu. "Hazitoshi."

"Ongeza na vilivyoungua."

"Wewe nawe," Mama Marselina alimgeukia Theopista. "Fisi, si ndiyo? Faini ya kumtukana mwenyekiti ipo. Utaleta Jumatano, na utaleta na vitumbua, visiwe vya huyu."

"Nitaleta, mama. Na unisamehe. Nilikuwa kama kipofu."

"Ulikuwa mfiwa. Kwa ukoo wetu mfiwa angevunja na mlango."

Maiko alikuwa bado amesimama na kile kitumbua chake, hajui akitupe wapi. "Sasa samahani," alisema, "leo tunakula au hatuli? Mimi nina abiria wa kwenda Katumba."

"Majivu kwanza," Telesphor alisema. Alivua koti, akalikunja kwa uangalifu kama alivyolikunja turubai, akalipachika kwenye bega la Theopista. Aliwaagiza watu wa kijiweni walinde toroli, wasiguse kitu, ingawa hapakuwa na mtu mwenye hamu ya kugusa. Halafu akawachukua wanawake wawili hao kwa miguu hadi Nsemulwa, akiongea njia nzima.

Uwanjani shangazi Eufrazia alikuwa amesimama na ufagio. Telesphor aliuchukua. Alizoa majivu ya msiba kwenye karai, akachovya kidole, akampaka Theopista kidogo kwenye paji la uso, akasema maneno ambayo watani wa ukoo ule husema, nusu matusi, nusu baraka. Akaenda kuyamwaga nje ya uwanja, upande wa magharibi. Aliporudi alikuwa na jivu mpaka kwenye nyusi.

"Haya," alisema. "Umefunguliwa. Nenda kakaange, watu wana njaa. Kuku utanipa jioni."

Theopista alinawa uso, akajifunga aproni juu ya kanga ya msiba. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliona kuwa ni asubuhi, na kwamba ni asubuhi nzuri. Alimtazama yule seremala aliyekaa kwenye kizingiti anakung'uta majivu, mtu mzima mwenye mvi, aliyeamka alfajiri kuunguza vitumbua kwa ajili yake.

"Telesphor."

"Naam, mtani."

"Siku utakayokufa nitakuja kabla hujapoa. Nitachukua randa yako, na msumeno wako, na hiyo patasi yenye mafuta. Nitavaa suruali yako. Nitasimama kwenye karakana yako nitengeneze meza iliyopinda miguu yote minne, niiuze kwa jina lako, na hela yote nimpe mjane wako. Nakuahidi mbele ya shangazi na mbele ya mwenyekiti: kazi yako haitalala hata siku moja."