King'ora Kimoja, Vyumba Kumi na Viwili

Itangazwe kwa wote wanaolala, wanaopika na wanaovuta sigara chooni: jengo letu la ghorofa nne, vyumba kumi na viwili, sasa lina king'ora cha moshi katika kila chumba. Cheti kimebandikwa mlangoni, kina muhuri.

King'ora chenyewe ni kimoja.

Mpango ulikuwa wa Msimamizi wa jengo. Mkaguzi akimaliza chumba, mtu mwenye miguu myepesi anachukua king'ora, anapita ngazi za nyuma, anakiwahisha chumba kinachofuata.

Kilipofika chumba cha saba, mkaguzi alikuwa bado anakunywa chai chumba cha sita. Mama Pindo, mshonaji, akapata nafasi ya kusoma karatasi yake ya maelekezo. Kisikae juu ya jiko, mvuke utakiliza bure. Kisibanwe kwenye kona. Kikae darini, kati ya jiko na kitanda. Kitandani alilala mama mkwe wake, asiyeinuka bila kushikwa, na pua yake haisikii kitu. Mwezi uliopita pasi iliunguza pazia la mteja hatua mbili kutoka kwake. Yeye aliendelea kusimulia harusi ya dada yake.

Mama Pindo alipanda kiti cha cherehani, akakaza kitako cha king'ora kwa skrubu nne.

Msimamizi akachungulia. "Mama, wenzio wametundika kwa msumari. Wewe unajenga?"

"Kinabaki hapa."

"Na wa chumba cha nane?"

"Wanunuliwe chao."

"Mwenye nyumba kasema jengo ni moja, king'ora kimoja. Kakosea wapi?"

"Muulize bibi huyu, siku akiungua."

Mkaguzi akaingia, akabonyeza kitufe, kikalia. "Hiki ndicho cha kwanza kukaa mahali pake," alisema, akaandika: kipo. Alishakibonyeza mara sita asubuhi hiyo, na mkwaruzo wa ubavuni ulikuwa uleule. Akamwita Mama Pindo koridoni atie sahihi.

Aliporudi, kitako kilikuwa darini na skrubu zake nne. King'ora kilishazungushwa kikatoka.

"Bado kinatulinda?" bibi aliuliza, akitazama duara jeupe.

"Bado, mama."

Kwenye kiti palikuwa na alama ya kiatu, soli yenye kiraka cha pembetatu. Kiraka hicho alikishona yeye. Akaifuta kwa kiganja, akakaa, akaendelea na pindo la sketi.

Jioni mlango ulipofunguka alisema tu, "Vua viatu."

Basi niseme. Miguu myepesi ni yangu, na bibi ni bibi yangu. Nililipwa soda, nikainywa ngazini. Katika chumba cha kumi na mbili nilitundika king'ora juu ya jiko. Mkaguzi alipoondoka kikalia kwa mvuke, Msimamizi akachomoa betri, akakitia kwenye droo.

Mama hajanigombeza mpaka leo. Nimehamisha godoro langu. Nalala kati ya jiko na kitanda.