Diski ya Bwana Siri

"...tupu, dada, tupu! Mwaka mzima wa kujitapa, na ndani hamna kitu!"

Dada mtu akamwomba aanze mwanzo. Cheche, fundi wa kompyuta aliyekuwa afukuzwe kazi asubuhi hiyohiyo, akakaa kwenye ngazi za ofisi, simu sikioni, akaanza upya.

Mkuu wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Siri, alitakiwa kumkabidhi mkurugenzi picha elfu arobaini za nyaraka za zamani. Badala ya picha akaleta maneno: eti Cheche kaifunga diski vibaya, nywila haikubali, kazi yote imefia humo. Wiki mbili akimpaka matope. Wiki mbili Cheche anaiwinda siku yake.

Maana diski ile Cheche aliiandaa mwenyewe. Hakuijaza takataka mwanzo hadi mwisho, kama walivyozifanyia diski za zamani, zile za sahani inayozunguka. Hizi za chipu ukizijaza hivyo zinajiona zimeshiba, zinaanza kujikokota. Aliipa amri ya kujifuta yenyewe, ikawa kama mpya, sifuri tupu, ndipo akaiwekea kufuli la nywila linalovuruga kila kinachoandikwa. Kisha akamuuliza bosi: kufuli liruhusiwe kuiambia diski wapi pako wazi? Mbio zitabaki, ila hata asiye na nywila ataweza kuona pamejaa kiasi gani.

"Ruhusu, mama. Mimi nataka mbio," alijibu Bwana Siri, macho kwenye simu yake.

Basi leo, mbele ya mkurugenzi, Cheche akaichomeka. "Nywila sihitaji, mzee. Palipoandikwa patatoka vurugu tupu. Pasipo na kitu patatoka sifuri."

Zikatoka sifuri. Skrini nzima, ikafuata nyingine, na nyingine. Penye kitu hapakufika hata sehemu tatu kati ya mia.

"Labda picha zilikuwa ndogo," akasema Bwana Siri.

"Elfu arobaini, bosi? Ndogo kama chawa?"

Mkurugenzi alishaelewa zamani, lakini Cheche aliendelea kuzishusha polepole. Alitaka kila sifuri imchome.

"Usiniambie ulimwachia hapo," dada akasema.

"Nimwachie? Kuanzia saa nane anazipiga skani zote kwa mkono wake, na msimamizi wake ni mimi. Kiti nimemchagulia, hakina mgongo. Dada, naitwa, huyo anaingia. Kesho usitoke nyumbani mpaka nikusimulie alivyoniamkia."