Meza Fupi ya Mama

Mtoto wa dada yangu anasomea chuoni namna watu wanavyokaa na kusimama kazini: kiti kiwe na kimo gani, mkono ufike wapi, shingo iinamishwe kiasi gani. Alipotueleza mara ya kwanza, mama yake aliweka mkasi chini.

"Yaani ada yote ile unafundishwa kukaa?"

"Ni sayansi, mama."

"Kukaa! Mimi nilijua kukaa kabla sijaota meno."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Dada yeye huwa hacheki utani wake mwenyewe. Alirudi kwenye cherehani, akajishika shingo na kuguna. Siku hizo alikuwa anaguna kuliko kusema, na kwa dada yangu hilo si jambo dogo. Shingo na mgongo vilimsumbua hata akaanza kuwaambia wateja kwamba mwisho wa mwezi anaacha kushona. Nilijifanya sisikii. Tumeshona chumba kimoja tangu tukiwa wasichana, na wazo la kubaki mle peke yangu lilinitia hofu.

Basi binti akaja kwetu kufanya utafiti wake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Tukambandika jina la Mkaguzi. Tatizo ni kwamba kila akitutazama, tunanyooka. Dada alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, mimi nikabana magoti kama bibi harusi. Hata mteja aliyefuata suruali yake akavuta kitambi ndani, na wala hakuna aliyetaka kumpima.

"Kwa mlivyokaa hivi," Mkaguzi akasema, "hamna shida yoyote. Nitafeli."

Siku ya pili akaja bila futi. Akasema kazi imekwisha, akachukua sketi akaanza kukunja pindo pale mlangoni, huku akitumwagia umbea wa chuoni. Tukajisahau. Jioni akatuonyesha simu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyejikunja juu ya cherehani, pua karibu iguse sindano.

"Kizee gani hiki?" dada akauliza.

"Ni wewe, dada," nikamjibu kwa raha zangu zote.

Raha haikudumu, maana picha ya pili ilikuwa yangu. Nimekalia mito miwili, miguu inaning'inia, kidole gumba kinatafuta kanyagio kama kinavyotafuta ndala gizani.

Hapo lazima nieleze. Dada ni mrefu. Wateja humwita Twiga. Mimi nimemfuata mama yetu, na mama alikuwa mfupi kiasi kwamba baba aliikata miguu ya meza yake ya cherehani ili aifikie vizuri. Mama alipofariki, meza ikaenda kwa mkubwa, ndiyo haki. Mimi nikanunuliwa nyingine, ndefu. Hakuna aliyewaza kupima. Sisi mafundi, ambao hatukati hata leso bila kupima!

"Badilishaneni tu," Mkaguzi akasema.

Dada akaweka kiganja juu ya meza. "Hii mama aliniachia mimi."

"Basi tuinyanyue kwa matofali."

"Haiguswi. Baba aliikata kwa mkono wake."

Binti akanitazama mimi, mimi nikautazama ule mkono wa dada. Siku nyingine ningechomekea utani. Safari hii nikasema la moyoni.

"Dada, ukiondoka mwisho wa mwezi, meza nitabaki nayo tu. Nipe leo, nibaki nayo na wewe ukiwepo."

Dada alichomoa uzi wake, akaipangusa mbao taratibu kwa kipande cha kitambaa, kisha akainuka.

"Ukimwaga chai hapa, utanitambua."

Nilikaa. Nyayo zikagusa sakafu. Pale ukingoni, mbao ilipolika kwa kiganja cha mama, kiganja changu kilienea. Nikalia kidogo, nikasingizia vumbi la pamba.

Mwisho wa mwezi umepita. Wateja waliokuja kumuaga dada wamemkuta kwenye meza ndefu, amekaa wima bila kutazamwa na mtu. Shingo inapona polepole; mdomo ulipona siku ileile. Zamani alikuwa ameinamia kazi yake tu, sasa kutoka huko juu anaona kila mshono wangu.

"Pindo hilo limekwenda kombo," ananiambia tangu asubuhi. "Fumua."

Nami nafumua, na furaha yangu siwezi kuificha.