Maji ya Shimo la Matofali

Uwingabire alifika Kibabi, kijiji chao cha mlimani, akiwa amefura kwa hasira. Habari ilikuwa imemkuta Mushaki, anakofundisha fizikia: Umwali, binti wa jirani yao Ndagijimana, amezama katika shimo la matofali, na watu wanadai aliyemloga ni Mama Athanasie. Mama Athanasie ndiye aliyemzaa Uwingabire. Baada ya ibada ya Jumapili watu wangekutana kando ya shimo hilo, waamue kama mama huyo ataondoka mlimani kwa miguu yake au kwa kupigwa mawe.

Na sasa wote walikuwa kando ya shimo, wametoka kuimba kanisani! Hilo ndilo lililomchemsha damu zaidi.

Mihogo michungu hailiwi hivi hivi. Unaimenya, unailoweka siku kadhaa mpaka ilainike na kutoa harufu. Bwawa la zamani la kuloweka lilikuwa na maji meusi, na hakuna mwanamke aliyeyaamini hata siku moja: kila mmoja aliingia na fimbo mkononi, akidunga chini kabla ya kuweka mguu. Kisha Papa Habineza, mwenye tanuru ya matofali, akachimba udongo wake, akaliacha shimo wazi, chemchemi ikalijaza. Maji yake yalikuwa maangavu, mpaka ukaona kila kijiwe chini. Wanawake wakahamia huko, wakiloweka mihogo yao upande mmoja wenye kina kifupi, na fimbo wakaziacha nyumbani. Ya nini, na chini panaonekana?

Siku ile upande huo ulikuwa umejaa, na Umwali alisita kwenye ukingo wa pili na beseni lake la mihogo. Mama Athanasie akamwambia aingie tu, maji yatamfika kiunoni. Aliingia, na maji yakamfunika kichwa.

"Huyu mama alifunga macho ya mutoto wangu," Ndagijimana alisema mbele ya watu, sauti imemkauka kwa kulia. "Maji inaonyesha chini! Mutoto atazama namna gani mu maji ya kiuno?"

"Ni bulozi," Habineza akadakia, kwa sauti kubwa kuliko ya mfiwa mwenyewe. "Shimo haina kosa. Mimi nasema huyu mama aondoke leo."

Mama Athanasie alikuwa ameketi chini, kitenge amejifunika kichwani. Hakuna aliyemkaribia. Uwingabire alitamani kumrarua mtu uso. Badala yake aliomba beseni.

Alibandika punje ya haragwe jekundu katikati ya beseni kwa udongo kidogo. Akamvuta Ndagijimana kwa mkono, akamrudisha nyuma taratibu mpaka ukingo wa beseni ukaificha ile punje.

"Papa, unaiona?"

"Hapana."

"Usisogee." Akamimina maji polepole. Ndagijimana akakodoa macho. Punje ilikuwa imetokea, kana kwamba imeinuliwa, na hakuna aliyeigusa.

"Mimi pia ni mulozi?" Uwingabire alifoka. "Mwanga ndani ya maji unatembea pole kuliko mu hewa. Ukitoka inje unakimbia tena, na pale unapotoka unapinda. Jicho halijui kama umepinda. Linaona chini iko karibu, kumbe iko mbali. Maji ikiwa safi ndio inadanganya zaidi, sababu ile chafu hatuiamini!"

Wanawake walitazamana. Habineza akacheka.

"Mambo ya masomo, Madame. Hapa batu walizaliwa na macho."

"Vizuri. Tuone hayo macho."

Alikata mwanzi mrefu, akausimamisha ukingoni. Akataka kila mtu atazame shimo pale Umwali alipoingia, kisha afunge jani pale ambapo jicho lake linasema maji yatafika. Si moyo, alisisitiza, jicho. Wanawake walifunga, mmoja baada ya mwingine: kiunoni, kiunoni, juu kidogo ya kiuno. Ndagijimana alitazama maji kwa muda mrefu, akafunga la kwake kifuani.

"Na wewe, Papa Habineza? Ao macho yako pia ni ya kitoto?"

Wapo waliocheka. Habineza hakuzoea kuchekwa. Akaupokonya mwanzi, wala hakuyatazama maji, akafunga jani lake juu ya kichwa chake mwenyewe, mpaka akanyoosha mkono kulifikia.

Uwingabire akausukuma mwanzi majini, wima, mpaka ukagonga chini. Majani ya wanawake yakazama. La Ndagijimana likazama. Jani la Habineza likabaki usawa wa maji, likilowa ncha tu.

"Munaona?" Habineza akajipiga kifua. "Mimi maji haiwezi kunidanganya!"

Ndagijimana aligeuka, akamtazama.

"Ulijua namna gani?"

"Si mimi ndio nili..." Habineza akaushusha mkono kutoka kifuani.

"Ulichimba," Ndagijimana akammalizia, taratibu. "Ulijua inaenda chini namna hii. Wamama walikuwa wanapita mbele ya tanuru yako kila asubui, mabeseni ku kichwa. Na Umwali wangu. Ulikuwa unawasalimia."

Habineza alitafuta uso wa kumtetea. Wanawake walikuwa wameanza kumzunguka, na kila mmoja alikuwa na binti nyumbani.

Uwingabire alimwinua mama yake. Alidhani atasikia nafuu, lakini hasira ilikuwa palepale, nzito vilevile, maana hakuna jani lingemrudisha yule mtoto. Mama Athanasie aliondoa kitenge kichwani, akamwendea Ndagijimana, akapiga magoti mbele yake.

"Nilimwambia inamufika ku kiuno," alisema. "Niliona kiuno, baba. Naapa niliona kiuno."

Ndagijimana naye akapiga magoti kwenye tope.

"Mimi niliona kifua," akasema. "Ningemwambia aingie."