Mimba ya Baba Mkwe

Baba mkwe alirudi kutoka zahanati na vidonge vya kuongeza damu, karatasi ya mazoezi ya kupumua, na kadi iliyosema ana mimba ya miezi saba. Alikuwa amekwenda kuonyesha goti.

"Muuguzi alikuuliza nini, baba?" mkwewe, mke wa mwanawe, aliuliza, kadi ameishika kwa ncha za vidole.

"Mtoto anachezaje. Nikamwambia anacheza vizuri tu." Mzee alidhani anaulizwa habari za mjukuu. "Akanikataza kubeba ndoo. Mama mwenye adabu sana."

"Hakukutazama?"

"Alikuwa anatazama kompyuta."

Mkwe akaiweka kadi mezani. Mfumo wa kompyuta wa zahanati ile aliuandika yeye, na mwezi mzima alikuwa amejisifu nao mezani mbele ya mzee huyuhuyu.

Asubuhi alifika kabla mlango haujafunguliwa. Karani alipofungua, akakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akafungua faili la mgonjwa wa majaribio, akasubiri. Ili kurasa zisichelewe, alikuwa amekiamuru kivinjari kihifadhi kwa muda habari za mgonjwa anayehudumiwa. Jina alilipa dakika tano za kuishi, maelezo ya ugonjwa dakika ishirini. Wakati ule aliona ni ujanja.

Dakika ya sita akafungua mgonjwa wa pili. Jina la mgonjwa wa kwanza lilikuwa limeshaisha muda, kwa hiyo mfumo ukaleta jipya kutoka kwenye seva. Maelezo yalikuwa hai bado, ukayaacha palepale. Kichwa cha huyu, kiwiliwili cha yule.

"Hilo tunalijua," karani alisema. "Tukiliona, tunazima na kuwasha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituambia hauna kosa, dada."

Akageukia kibodi. Akazifunga habari zote za mgonjwa fungu moja: moja ikiisha muda, zote zinafutwa pamoja, mgonjwa akibadilika, fungu zima linaondoka. Mistari tisa. Hata saa moja haikwisha.

Kilichokula siku nzima ni simu. Katika orodha ya wiki alipata watu wanne waliopewa maelezo ya wenzao. Mmoja, fundi cherehani, alikuwa akimeza dawa za presha zisizo zake.

"Ndiyo maana kizunguzungu hakiniachi," fundi alisema bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomchoma. Alimfuata kwake, akampeleka kwa daktari, akakaa naye mpaka alipopimwa na kuambiwa hajadhurika.

Jioni akamweleza mzee kila kitu, bila kujitetea.

"Kwa hiyo sina kitu," mzee alisema.

"Una goti, baba."

Alhamisi alimsindikiza mwenyewe. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akasema ni uzee tu, azoeane nalo. Wakatoka nje.

"Ile mimba angalau ilikuwa na tarehe ya kwisha," mzee alisema.

Mkwe akamshika mkono, wakashuka ngazi mojamoja.