Pikipiki Chumbani

Injini sharti ipoe kabisa ndipo valvu zirekebishwe. Ikiwa ya moto, chuma kimevimba, na kipimo chochote utakachochukua ni uongo mtupu. Baba Pacha alilieleza hilo tangu asubuhi mpaka mate yakamkauka.

Jana mwenye bekari alimwambia mbele za watu, "Kesho saa nane ukija na kopo hili linalogonga, mikate atabeba mwingine." Kazi ya miaka sita ya kubeba mikate kwa pikipiki ikawa inaning'inia kwenye valvu mbili.

Tatizo lilikuwa nyumba yake, ambayo mlango wake haujui kufungwa. Aliingia jirani, fundi cherehani, akatua kikombe chake juu ya tangi la pikipiki. "Hebu tuisikie inavyougua." Baba Pacha hajageuka, shemeji yake keshapiga kiki. Tak-tak-tak! Injini ikapata moto. Akakaa juu ya ndoo kusubiri. Inakaribia kupoa, huyo mjomba.

"Na mimi sijaisikia!"

"Mjomba, ukiiwasha nitalia."

"Lia tu, mwanangu, hapa ni kwenu." Akapiga kiki.

Kufikia saa nne ilikuwa imewashwa mara tano, na mazungumzo yameshahama kwenye valvu yameingia kwenye ndoa ya mwenye bekari. Baba Pacha akainuka kimyakimya, akaisukuma pikipiki hadi chumbani, akatia komeo.

Mkewe akagonga mlango. "Ndiyo nini, unalala na pikipiki siku hizi?"

"Afadhali hii, haina ndugu!"

Saa saba akaigusa injini: baridi. Akafungua kifuniko, akaizungusha mpaka alama zikalingana, akapenyeza kibati cha kupimia. Kikapwaya. Akarekebisha skrubu, akakaza nati. Skrubu nayo ikazunguka, kipimo kikaharibika. Akarudia. Ikazunguka tena. Jasho likamwingia machoni.

"Kimya hiki si cha heri," alisema fundi cherehani huko nje. "Tuvunje mlango?"

"Jaribuni muone!"

Mara ya nne nati ilitulia; valvu ya pili ikafuata.

Saa nane kasoro dakika mbili alisimama mbele ya bekari, mweusi hadi viwikoni. Mwenye bekari akatega sikio kwenye injini, akasikiliza weee, asisikie tak-tak hata moja. Kisha akaiona mikono.

"Kanawe kwanza," akafoka. "Mikate yangu hushiki hivyo!"